Paipu Nyekundu Kwenye Ngazi za Ruiru

Nekesa,

Simu umekataa kushika, basi utasoma. Simu inazimwa, karatasi haizimwi. Na Rispa anayekuletea hataondoka mlangoni kwa shangazi yako mpaka akuone umeifungua. Nimemwagiza hivyo. Akaniuliza, "Na akiirarua?" Nikamwambia, akiirarua umwokotee vipande umpe tena.

Niko Ruiru, kwenye jengo. Nimekaa juu ya debe la rangi pale ngazi zinapoanza, na juu ya kichwa changu kuna nyundo inagonga. Ukikuta mchanga kwenye karatasi, huo ni ukuta wangu. Ninaandika haraka kwa sababu stima ya nyumba nzima imezimwa na jua likizama sitaona kitu. Mwandiko utauvumilia. Mimi nilifunzwa kuandika na mwalimu wa ngumbaru nikiwa tayari na wajukuu, sikupelekwa chuo cha ufundi wa stima kama wengine.

Kesho utatoka Thika uende Nairobi kupanda basi la Eldoret. Gari lolote utakalopanda litapita hapa. Nataka kujua kama utashuka au utapita. Barua yote ni kwa sababu ya hilo.

Sitakuambia uchemshe maji. Sitakuambia juu ya wanaume, wala kufunga mlango, wala kuvaa kitu kizito kwa sababu Eldoret kuna baridi. Hayo nimekuambia tangu mama yako aliponiachia wewe ukiwa unatambaa, na kama hukusikia nikiwa napiga kelele hutasikia kwa maandishi. Tuongee juu ya Jumapili.

Nianze na hasira, usije ukadhani imeisha. Haijaisha. Ninayo hapa, nimeikalia pamoja na debe.

Unajua ploti hii ilitoka wapi. Nitasema tena, ni yangu na sichoki. Mimi na babu yako tulitoka Bungoma na sanduku moja la bati. Yeye akaingia mashamba ya kahawa, mimi nikaingia kiwanda cha nguo Thika. Tuliitwa wageni mpaka watoto wetu wakaota mvi. Babu yako alikufa kabla hajauona hata msingi. Na leo ni ghorofa mbili, hosteli ya wasichana wa chuo, na vigae vyeupe kwenye ngazi ambavyo nilivichagua mwenyewe, kimoja kimoja, kama mtu anayechagua nyanya sokoni, mpaka yule mwenye duka akaniletea kiti. Sasa mtu kama huyo akiita kanisa zima kuja kuombea nyumba yake, siku hiyo anataka nini? Anataka watu waone. Ndiyo, nilitaka waone. Sijaficha.

Pasta akaomba. Tukazunguka vyumba. Kabla ya chai nikamwambia mjomba wako Wafula awashe kengele ya moto watu wasikie, maana nani mwingine kwenye mtaa wetu ana kengele ya moto? Wafula akawasha karatasi, akaishika chini ya kile kidude cheupe cha kunusa moshi, na kengele ikalia mpaka mbwa wa majirani wakajibu. Akina mama wakapiga vigelegele. Nilisimama pale kama bibi harusi.

Ndipo wewe ukasema, kwa ile sauti yako isiyo na haraka, "Kukhu, hiyo kengele italia siku isiyo na moto tu."

Watu wakacheka. Walidhani ni utani. Mimi nilijua si utani, nilikulea. Ukapanda kiti na nguo yako ya kanisani, ukafungua kile kiboksi cha darini, ukavuta waya mwekundu ukautoa nje mbele ya watu wote, na pamoja nao zikatoka zile waya nene za soketi. Zilikuwa zimelala pamoja kwenye paipu moja ya plastiki.

"Moto ukianzia kwa soketi," ukasema, "paipu inayeyuka, na huu mwekundu unakatika kabla ya yote. Walio chini hawatasikia kitu. Sheria inasema waya wa kengele uwe na paipu yake peke yake."

Wafula akasema, "Si imelia? Umeisikia ama hukusikia?"

"Imelia kwa sababu hakuna kinachoungua, Mjomba."

"Fundi aliyefunga hizi waya amefunga nyumba nusu ya Ruiru."

"Basi nusu ya Ruiru iombewe vizuri."

Hapo hata pasta aliinamisha kichwa. Nadhani alikuwa anacheka. Na mimi nikasema yale niliyosema. Teremka kwa kiti changu. Fundi gani anayetishwa na waya. Nimekulisha miaka yote ili uje kunivua nguo mbele ya kanisa. Na lile la mwisho, kwamba nyumba hii si yako. Ukateremka. Ukafuta kiti kwa kiganja chako, pale ulipokuwa umekanyaga. Ukaniambia, "Sawa, Kukhu. Basi jina langu lisiandikwe kwa cheti cha stima cha hii nyumba." Ukaenda bila chai.

Ungeniita kando, Nekesa! Mtu mzima haambiwi hivyo mbele ya watu. Hilo nimelisema wiki yote, kwa Rispa, kwa Wafula, kwa kuku wangu kule nyumbani Murera. Na juzi nikiwa nalisema tena nikakumbuka kwamba uliniita kando. Uliniita tukiwa tunapima mapazia, nikakuambia baadaye. Ukaniita tena nikiwa nazungumza na mtu wa vigae, nikakuambia huoni niko na mtu? Kwa hivyo hiyo kelele ya Jumapili ilikuwa mara ya tatu. Sikuwa nimehesabu.

Subiri, huyu wa nyundo ananiita.

Nimerudi. Alitaka kujua kama akwepe kile kigae chenye maua cha pale kona. Nimemwambia apige.

Watu walipoondoka Jumapili, Rispa alibaki kuosha vikombe. Anaviosha kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto anautumia kukandamiza tu, unajua. Akasema, "Mtoto amesema."

"Amenitukana," nikamwambia.

"Amesema," akarudia. "Sisi siku yetu hatukuwa na mtu wa kusema."

Nikamwambia aoshe vikombe.

Hadithi ya kiwanda unaijua, lakini huwa naisimulia kwa mkato kwa sababu hainipendezi. Kwenye chumba cha kusokota uzi palikuwa na kengele ya moto juu ya mlango. Waya zake zilipita pamoja na za mashine. Wakati huo nilijua nini mimi juu ya paipu? Nilijua tu kwamba mashine kubwa ikiwashwa, kengele inalia yenyewe kidogo halafu inanyamaza. Asubuhi inalia. Baada ya chakula inalia. Msichana mgeni akiisikia anaruka kukimbilia mlango, na sisi wa zamani tunamcheka. Rispa alipoanza kazi ni mimi nilimshika sketi nikamketisha. "Keti wewe, ni ile tu." Akaketi. Baada ya wiki naye alikuwa anawaketisha wengine.

Siku stoo ya pamba iliposhika moto, kengele ilifanya kazi yake. Ililia. Hakuna aliyeinua kichwa. Rispa alikuwa ameegemea mlango wa stoo na githeri yake, na alikuwa bado anakula mlango ulipofunguka nyuma yake. Sikusimulii ili unihurumie, na Rispa hataki huruma, atakupiga na ule mkono mzima. Nakusimulia kwa sababu ya Jumatano.

Jumatatu sikufanya kitu. Jumanne pia. Nilikuwa na vigae vyangu na hasira yangu, na wasichana walikuwa waingie Jumatatu inayokuja, na nilijiambia kwamba wewe umesoma vitabu na vitabu vinapenda kuogopesha watu. Jumatano asubuhi nikaja kuhesabu funguo za vyumba. Wafula alikuwa chini anawasha ile mota ya kupandisha maji kwenye tangi. Mota ikanguruma, na kengele ikalia yenyewe. Kidogo. Ikanyamaza.

Nikasimama kwenye ngazi. Nikamwita, "Wafula! Ni nini hiyo?"

Hakugeuka hata kunitazama. Alikuwa anafunga koki. Akasema, "Ah, Mama, ni ile tu. Mota ikiwaka hulia. Utazoea."

Maneno yale yale. Hajawahi kukanyaga kiwanda, wala sijawahi kumwambia tulivyokuwa tukisema. Nilikaa pale kwenye kigae nikaona wasichana wa watu wamelala vyumbani, mmoja mgeni anaruka, mwenzake anamshika nguo anamrudisha kitandani. Na safari hii hata si lazima waizoee, kwa sababu kama wewe ulivyosema, huenda isilie kabisa.

Basi nikamwambia Wafula alete nyundo.

Ungemwona. "Mama, vigae vimeshakaa! Wasichana wanaingia Jumatatu!"

"Hawaingii."

"Umewaambia nani?"

"Nakuambia wewe kwanza."

Nimewapigia simu wazazi, mmoja mmoja, nikawaambia nyumba haijawa tayari. Mmoja amenitukana vizuri sana, kwa lugha tatu. Nilimwacha amalize. Mara ya kwanza kwangu, kuacha mtu amalize. Yule fundi wa Wafula nimemfukuza, nikaleta huyu kijana wa kuchonga ukuta na wa kupachika paipu tu, waya hagusi. Na kwa sababu wewe hukuwepo, msimamizi ni mimi. Usicheke. Umesoma kwa sauti mezani kwangu Murera miezi mingapi, nikichambua maharagwe? Unadhani maharagwe yanaziba masikio? Nimemwambia paipu ya kengele ni ya chuma, na ipite njia yake, mbali na ile ya stima, kutoka boksi mpaka darini, ghorofa zote. Nimemwambia ipakwe nyekundu, ili mtu yeyote atakayekuja kuchonga ukuta miaka ijayo ajue asiiguse. Nimemwambia waya hauungwi katikati ya ukuta halafu ukapigwa plasta, kiungo kikae ndani ya boksi panapofunguka. Nimemwambia swichi yake kwenye boksi kubwa iwe yake peke yake, asije msichana akaizima akidhani ni ya pasi.

Akaniuliza, "Shosh, wewe ni injinia?" Nikamwambia mimi ni kukhu wa injinia, na shosh ni nyanya yako wa nyumbani.

Akaleta vishikilio vya plastiki vya kushikia paipu ukutani. Ule ulikuwa mtihani wa kwanza na nusura nishindwe, kwa sababu nilikumbuka ulisema kitu lakini sikukumbuka ni kitu gani. Nikachukua kimoja nikakiwashia kiberiti. Kikadondoka kama uji. Ndipo nikakukumbuka: moto ukiyeyusha vishikilio, paipu na waya zinaanguka shingoni kwa watu wanaokimbia ngazi. Nikamrudisha dukani akalete vya chuma. Alienda akinung'unika kwa Kikuyu, akidhani sielewi.

Hivyo ndivyo ngazi zangu zilivyo sasa, Nekesa. Kuna mfereji umechimbwa kutoka chini mpaka juu, umepita katikati ya vigae vyote vizuri, na ndani yake paipu nyekundu. Ukiangalia kutoka mlangoni ni kama mtu aliyefanyiwa operesheni. Watu wa kanisa wakija wataona. Waone.

Sasa Eldoret. Unaenda kufunga stima kwenye jengo la watu, na huko kuna mkubwa wa kazi. Simjui lakini namjua. Siku moja utaona kitu darini na utamwambia, naye atakuambia yote niliyokuambia mimi. Kwamba imelia. Kwamba plasta imekauka. Kwamba yeye ameanza kazi hii kabla hujazaliwa. Atakuambia mbele ya watu na watu watacheka. Na hapo hutakuwa na shangazi wa kukimbilia Thika. Utakuwa na chumba cha kupanga na sufuria moja.

Sina maneno mazuri ya kukupa kwa siku hiyo. Nina hili tu: kama umeweza kuniambia mimi, hakuna mkubwa wa Eldoret atakayekushinda. Mimi ndiye mbaya kuliko wote utakaokutana nao. Wao watakunyima kazi. Mimi niliyekulea nilikuambia nyumba si yako, na bado ulifuta kiti.

Na ukiona umeanza kuzoea, ukijisikia unasema "ni ile tu" juu ya kitu chochote, kiwe kengele, kiwe mtu anayekupigia kelele kila jioni, kiwe kikohozi, simama hapo hapo uangalie. Mimi nilizoea, na nikawazoesha wengine, na nilifikiri huo ndio ukomavu.

Jua limefika kwenye bati la jirani. Nimalizie.

Paipu imekwisha kupachikwa, hata pale kona. Ni tupu. Kijana amepitisha kamba ndani yake kutoka juu mpaka chini, ile ya kuvutia waya. Akasema, "Nivute waya sasa hivi nimalize?" Nikamwambia aweke nyundo chini aende nyumbani.

Nikuambie ukweli ili usidhani nakutega. Nimeongea na mama mmoja fundi wa stima wa Juja mwenye leseni, atakuja wiki ijayo akague kila kitu, na ukipita kesho, yeye ndiye atakayevuta waya na kuandika jina lake kwa cheti. Wasichana hawaingii mpaka aseme sawa. Kwa hivyo usishuke kwa sababu ya wasichana. Hilo nimeshalimaliza. Wala usishuke kwa sababu ya nyumba.

Unakumbuka Murera, ulipokuwa unajifunza, ukatoboa ukuta wa jikoni kwangu bila ruhusa? Uliniambia waya hauvutwi na mtu mmoja. Mmoja anavuta juu, mwingine anausukuma chini, na yule wa chini anaupaka sabuni ili usikwaruzike ndani. Ukaniweka chini. Ukawa unapiga kelele kutoka darini, "Sukuma, Kukhu!" Nami nasema nasukuma. "Polepole, unaukunja!" Nami nasema nani amezaa nani hapa? "Kukhu, nyamaza, usukume!" Na nikanyamaza. Ni wewe tu umewahi kuniambia ninyamaze nikanyamaza, na ilikuwa ni kwa sababu nilikuwa naogopa kukuharibia.

Jumapili sikuogopa kukuharibia. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko vigae.

Basi lako linatoka Nairobi mchana. Asubuhi kuna nafasi. Ukishuka kwenye stendi ya Ruiru utanikuta hapa, sitakuwa nimeenda kanisani wala sokoni. Usininunulie kitu. Usiniambie pole, na mimi sitakuambia, tutaharibu asubuhi. Pita moja kwa moja, panda ngazi, chunga usikwame kwenye mfereji, ushike ile kamba kule juu.

Nitakuwa huku chini na waya na mche wa sabuni, nikingoja unipigie kelele.

Kukhu wako